Mkono wa Breki

Tangu apatwe na kiharusi, mkono wa kulia wa baba yangu ulisogea kwa mara ya kwanza juu ya kompyuta ambayo haikuwa ya kuuzwa. Ilikuwa mchana, kwenye kaunta ya duka la fundi mjini Voi, feni ya dari ikizunguka bila kuleta upepo wowote. Hakuna aliyemwambia aunyanyue. Aliona treni ikiteremka kwenye skrini bila mtu kuiendesha, akautoa mkono mapajani, akauweka kwenye kibodi, upande wa kulia, na treni ikapunguza mwendo. Kisha akasema neno ambalo hatukuwa tumelisikia kinywani mwake tangu augue.

"Breki."

Tulioona tulikuwa wawili, mimi na fundi. Mama alikuwa ng'ambo ya barabara akichagua nyanya.

Hatukuwa tumeenda pale kwa ajili ya mkono. Tulikuwa tumeenda kwa ajili ya laptop ya kazi. Mimi huandika ripoti za mashamba yaliyovamiwa na ndovu. Mkulima akiamka na kukuta mahindi yake yamelazwa, mimi ni mmoja wa wanaofika. Napiga picha nyayo, nikiweka rula kando yake ili atakayeziona ofisini asiseme ni za ng'ombe. Namsikiliza mwenye shamba, halafu namsikiliza mkewe akiwa peke yake, kwa sababu mara nyingi hawaoni hasara ileile. Kisha nakaa mahali penye kivuli na kuandika kabla sijasahau. Leo niko Mahoo, kesho niko karibu na kwetu Ronge. Laptop yangu ya zamani ilikufa Mahoo juu ya boneti ya gari, katikati ya sentensi. Iligeuka nyeusi na haikurudi tena.

Kwa hiyo nilikuwa nimeweka akiba ya kununua moja, na moja tu. Nilitaka iwe nyepesi, kwa kuwa huibeba mgongoni. Nilitaka betri ya kudumu, kwa sababu umeme wa kwetu mlimani huondoka bila kuaga. Hayo ndiyo yalikuwa mahitaji yangu. Gemu haikuwa mojawapo. Sijawahi kucheza gemu maishani mwangu.

Baba alikuwa dereva kwenye stesheni ya zamani ya Voi. Hakuendesha abiria. Aliendesha injini ndogo ya kupanga mabehewa, inayosogea mbele na nyuma siku nzima bila kutoka mjini. Tulipokuwa watoto alitueleza kazi yake kwa maneno manne: kushoto mafuta, kulia breki. Alikuwa akitueleza huku mikono yake ikifanya anachosema. Alistaafu, akarudi Ronge kulima, lakini mkono wa breki haukustaafu. Tukipanda gari la jirani kuteremka mjini, kila kona ulikuwa unakaza juu ya goti lake, na gari likitoka kwenye kona unalegea. Mama alikuwa akimtania: "Wewe baba watoto, gari hili lina dereva wake, pumzika." Naye baba alikuwa akicheka, na kona iliyofuata mkono unakaza tena.

Kiharusi kilimchukua upande huo. Mguu ulirudi kiasi cha kutembea kwa mkongojo. Maneno yalibaki machache: "haya," "bado," na "mama," neno analomwitia mke wake. Mkono haukurudi. Ulikaa pale mama alipouweka. Akiusahau ukiwa umening'inia, unabaki umening'inia hadi mtu auone.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo pale hospitalini Voi, mwanamke kijana mwenye sauti ya upole, alitupatia sponji ya kufinya na bakuli la maharagwe ya kutafuta kwa vidole. Baba aliitazama ile sponji kama mtu aliyepewa mwanasesere mbele ya wageni, akageuza uso.

"Mzee, jaribu kidogo tu," yule binti alimsihi.

"Bado," alisema baba.

Yule binti akaniita pembeni. Aliniambia kwamba miezi hii ya mwanzo ndiyo yenye tumaini kubwa, na kwamba mkono usipopewa sababu ya kufanya kazi, kichwa huanza kuusahau. "Mtafutie kitu anachokijali," alisema. "Mimi siwezi kumlazimisha kuijali sponji."

Nilimuuliza kitu gani. Ndiyo kazi yangu, kuuliza. Alisema hilo ni mimi wa kulijua, kwa kuwa ni baba yangu. Nilitoka pale nikiwa sijui.

Siku hiyohiyo, tukirudi, nikaomba tupitie kwa fundi. Duka lake liko kwenye mtaa wa nyuma, karibu na wauza nafaka. Yeye ni mtu mzima wa familia ya Kiislamu iliyotoka pwani zamani, na Kiswahili chake humfanya mtu wa milimani kama mimi kurekebisha sentensi kabla ya kuifungua.

"Karibuni. Shikamoo mzee wangu, pole na maradhi," alisema, akamvutia baba kiti hadi kando ya kaunta.

Mama akasema atavuka kidogo anunue nyanya. Mimi nikaanza kueleza uzito na betri. Kando ya kiwiko changu kulikuwa na laptop moja kubwa, nene, nyeusi, iliyofunguliwa. Kwenye skrini, treni ilikuwa ikikimbia katikati ya misitu isiyokuwa ya kwetu. Fundi alinieleza kwamba ameirekebisha feni yake na anaipima.

"Nawasha mchezo huu, naiacha iteremke yenyewe, ili mashine itoe jasho," alisema. "Ikihimili saa moja, namwita mwenyewe aje achukue mali yake."

Nilikuwa nimempa baba mgongo. Niliona uso wa fundi ukibadilika kwanza, nikageuka. Mkono wa kulia ulikuwa hewani. Haukuwa juu sana, labda kimo cha kikombe, na ulikuwa ukitetemeka. Ulikwenda mbele kama kitu kinachovutwa na kamba. Ukatua kwenye zile namba zilizopangwa upande wa kulia wa kibodi kama kalkuleta, vidole vikazikandamiza. Sauti ya magurudumu ikabadilika. Miti ikaanza kupita polepole.

"Breki," alisema baba.

"Amefunga breki," alisema fundi, kwa sauti ya chini. "Wallahi amefunga breki. Ni hizo namba zenye breki."

Mama aliporudi na nyanya zake mkono ulikuwa umeshateleza hadi ukingoni mwa kaunta na hausogei tena. Nilimweleza. Fundi naye alimweleza. Mama aliutazama mkono, akautazama uso wa mumewe, akaushika, akaurudisha mapajani.

"Nyinyi mmeona," alisema. "Mimi sijaona."

Hapo ndipo nilipouliza bei ya ile kompyuta nene. Sikuuliza uzito wala betri.

"Dadangu, hii si yangu ya kuuza," alisema fundi. "Hii ni amana. Mwenyewe kaniachia niitengeneze."

"Mwambie kuna mtu anaitaka."

"Nitamwambia. Lakini simu yake haipatikani tangu juzi."

"Basi niazime. Wiki moja tu."

Alinitazama kwa huruma ya kweli, na huruma yake haikubadilisha chochote. "Mtu akikuachia kitu, hukiazimi wala hukiazimishi. Hata mimi siandiki risiti zangu kwa hiyo. Ningekuwa nayo mwenyewe, leo ingelala kwenu."

"Lakini unaitumia kuipima."

"Kupima ndiyo kazi niliyopewa."

Mama akanigusa bega. "Mwache mwenye duka. Kitu cha watu ni cha watu." Nilijua wote wawili wako sawa. Nilipanda gari nikiwa na hasira ambayo sikuwa na wa kumpa.

Tulipokuwa tukipanda kutoka Mwatate nilikaa nimegeuka nyuma njia nzima, nikiutazama mkono kwenye kila kona. Ulikuwa umelala kiganja juu, ukiyumba na gari.

Kuanzia siku hiyo nilipoingia duka lolote nilisema: nataka laptop ya kazi za ofisi, na gemu kidogo. Ni sentensi rahisi, lakini watu hawakuniachia niimalize.

"Gemu ni ya nani, madam?" aliniuliza kijana wa duka la kwanza, lile la karibu na stendi.

"Ya mzee."

"Mzee wako anacheza mpira wa kompyuta?"

"Treni."

"Treni?" Akamgeukia mwenzake. "Huyu mama anataka treni. Mwelekeze stesheni ya SGR!" Wakacheka, nami nikacheka kidogo ili waendelee kunihudumia. Kisha akanionyesha ya kwanza, ya pili na ya tatu, na kila moja ilikuwa "inabeba kila kitu." Nilipouliza inabebaje, akaipigapiga mgongoni kama mtu anayeuza punda.

Ndugu yangu mdogo, anayefanya kazi za kompyuta Nairobi, nilimpigia nikampa jina la ile nene ya fundi. Akaguna.

"Hiyo ni tofali, siz. Hiyo watu waliwacha kitambo. Itakuvunja mgongo na itakunywa umeme wote wa Ronge."

"Baba ameunyanyua mkono juu yake."

Nilisikia magari ya Nairobi nyuma yake.

"Si mkono umeinuka juu ya treni?" alisema. "Gemu ni software. Utaiweka kwa mashine yoyote iko na nguvu. Chukua nyepesi yenye kadi nzuri ya picha. Wewe ufanye kazi, mzee acheze. Usinunue mashine mbili kwa pesa ya moja."

Ilikuwa hoja safi. Sikuona mahali pa kuipinga, na hata sasa ninapoirudia kichwani sioni nilipaswa kuiona wapi.

Kwenye kundi la familia la simu, kila mtu akatoa uamuzi wake. Binamu mmoja alisema nyepesi zote ni plastiki, nichukue inayojaza mkono. Mjomba aliuliza kwa nini mzee asipewe redio. Shangazi, dada yake baba, alirekodi ujumbe wa sauti mrefu. Mwanzoni mwake alituombea sote, mwishoni akasema: "Ndugu yangu alifanya kazi ya reli akiwa mzima, sasa anaumwa mnamrudisha kazini? Mpeni uji." Mama aliusikiliza ujumbe huo mara mbili.

Nilirudi kwa fundi, kwa kuwa ndiye pekee ambaye sikuhitaji kumweleza. Ile nene ilikuwa kwenye rafu nyuma yake, imefungwa, ina karatasi yenye jina la mwenyewe. Alinitolea moja ya kijivu, nyembamba, iliyotumika ng'ambo lakini safi. Safari hii nilimwacha baba nyumbani. Kuteremka humchosha, na nilitaka kupima bila haraka, jinsi ninavyopima shamba.

Nilianza na uzito. Fundi hakuwa na mizani, kwa hiyo nikaipeleka kwa jirani yake muuza nafaka, akaondoa debe la ndengu, nikaiweka kwenye sahani ya mizani.

"Hii nayo unauza kwa kilo?" aliuliza mama mmoja aliyekuwa akisubiri ndengu zake.

"Nanunua."

"Basi hakikisha hajaweka kidole."

Ilikuwa nyepesi kuliko pakiti ya unga. Nikarudi, tukaweka mchezo wa treni, tukauwasha bila chaja. Nikaketi kwenye kiti kilekile alichokalia baba, nikaiweka mapajani treni ikikimbia, ili nijue kama joto lake litamchoma mtu ambaye huenda asihisi. Ilipata uvuguvugu tu. Feni yake ilisikika kama mtu anayepumua akiwa amelala. Nikafungua ripoti zangu, nikafungua picha za nyayo nyingi kwa pamoja, nikarudi kwenye treni. Haikukwama. Betri ilishuka taratibu. Niliitoa nje nikaitazama skrini yake kwenye jua la mtaani. Kila nilichoweza kukipima kwa mikono yangu nilikipima.

"Umechagua vizuri," alisema fundi, na alimaanisha. Nikalipa.

Jioni hiyo, kabla giza halijaingia, tulimketisha baba sebuleni, mto nyuma ya mgongo, kompyuta mpya kwenye stuli mbele yake. Mama aliacha kazi za jikoni, akasimama mlangoni na mwiko mkononi. Safari hii alitaka kuona. Nikawasha treni. Nikaipeleka kwenye mteremko, nikaondoa mikono yangu, nikasogea nyuma.

Baba aliinama mbele. Macho yake yalikuwa yaleyale ya siku ile. Niliona bega la kulia likicheza kidogo, au nilidhani nimeliona. Kisha akatazama chini kwenye kibodi, upande wa kulia, akatafuta. Aliangalia pale kwa muda. Halafu mkono wake wa kushoto, ule mzima, ukaja, ukapapasa, ukabonyeza hapa na pale hadi treni ikapunguza mwendo, ikasimama vizuri, kwenye stesheni.

"Haya," alisema, akaegemea mto. Alionekana ameridhika.

Mimi nilikuwa nimeshaona. Kibodi ya ile nyembamba haikuwa na zile namba za upande wa kulia. Kompyuta ndogo hazina nafasi ya kuziweka. Mchezo, ulipozikosa, uliipeleka breki kwenye herufi, na herufi hizo ziko upande wa kushoto, chini ya mkono ambao hauumwi. Nilikuwa nimeipima mashine ile kwa mizani, kwa jua, kwa mapaja yangu mwenyewe, na sikuwa nimeipima kwa mkono wa kulia.

"Umeununulia mkono wa kushoto kompyuta," alisema mama, akarudi jikoni. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayesoma kilichoandikwa ukutani.

Nilijaribu. Ndugu yangu alinielekeza kwa simu jinsi ya kuhamisha breki ya mchezo hadi vitufe vya mwisho vya upande wa kulia. Nilihamisha. Mkono wa kushoto wa baba ukavuka kibodi nzima, ukavipata, ukafunga breki. Niliweka mto juu ya mkono wa kushoto ili usitoke haraka. Baba aliutoa mto, akanipa, kwa adabu, kama mtu anayekurudishia kitu ulichosahau kwake. Nilimwagiza fundi aniletee kutoka Mombasa kibodi kidogo cha namba peke yake, kinachochomekwa kwa waya. Kilifika. Nilikichomeka, nikakiweka chini ya kiganja chake cha kulia. Alikitazama kikiwa pale na waya wake, kisha kwa mkono wa kushoto akakisukuma pembeni hadi kikaanguka.

"Baba, hii ndiyo breki," nilimwambia.

"Bado."

Nilijiuliza kama kosa si namba. Siku ile dukani treni haikuwa na mtu. Hapa nyumbani kila mara nilikuwa nimekaa karibu, na huenda akilini mwake dereva alikuwa mimi. Basi nikawasha treni nikatoka nje, nikapita nyuma ya jiko, nikachungulia dirishani. Mama alikuwa pale akianika mboga.

"Unamwindaje baba yako kama ndovu?" aliuliza.

Ndani, treni ilikuwa ikiteremka peke yake. Baba aliitazama kidogo. Mkono wa kushoto ukaja.

Sasa anacheza kila siku. Hilo nalo ni lazima niliseme, kwa sababu ni kweli na kwa sababu watu wa kundi la familia hulisema kama ushindi. Nikitoka kwenye mashamba naiweka laptop kwenye stuli, na baba anapanga safari zake hadi betri inapoisha au mimi ninapohitaji kuandika. Mkono wake wa kushoto umekuwa mwepesi ajabu. Hugonga vitufe bila kutazama. Shangazi alipokuja kumwona alimshangilia: "Kaka, wewe umepona!" Mkono wa kulia ulikuwa umelala kwenye paja, kiganja juu. Nilipomweleza mtaalamu wa mazoezi, alisema kile nilichokuwa nimeogopa kumuuliza: kwamba mkono mzima ukizoea kufanya kazi zote, ule mwingine hukosa sababu. Nilimuuliza kama nimwondolee kompyuta.

"Halafu afurahie nini?" aliuliza yeye.

Nilimuuliza pia kama kilichounyanyua mkono dukani ni kibodi, au treni, au siku ile tu. Alivinyoosha vidole vya baba kimoja kimoja alipokuwa akifikiri.

"Siwezi kukuambia ni kibodi," alisema. "Sikuuona huo mkono. Mlirekodi?"

Hatukurekodi. Kwenye simu yangu kuna picha za nyayo za ndovu kutoka mashamba mengi, kila moja na rula yake. Za mkono wa baba yangu ukiwa hewani, hakuna hata moja.

"Basi mrudishe palepale," alisema. "Mashine ileile. Nione mwenyewe, au nione video. Nikiona unavyosogea nitajua pa kuanzia."

Tulirudi. Fundi alimwamkia baba, akamvutia kiti kilekile. Ile kompyuta nene bado ilikuwa kwenye rafu, karatasi yake ya jina imeanza kugeuka rangi. Nilimweleza kile mtaalamu alichotuambia. Hakunikatiza. Aliishusha, akaiweka mbele ya baba ikiwa imefungwa, akaweka kiganja chake juu ya mfuniko.

"Kuipima nimemaliza, dadangu," alisema. "Nikiiwasha leo, siipimi tena. Naichezea mali ya mtu." Aliteseka kusema hivyo, niliona. "Nimemwandikia. Nimemwambia kuna mzee mgonjwa, anaomba dakika chache tu, aniruhusu. Akisema ndiyo, hata saa hiyohiyo nitakupigia."

Alinionyesha simu. Ujumbe ulikuwa mrefu, wa heshima, umeanza kwa salamu. Chini yake kulikuwa na tiki moja, maana yake ujumbe haujamfikia.

"Huenda amebadilisha namba," nilisema.

"Huenda. Huenda amesafiri. Nimeuliza kwa anaowajua, mmoja kaniambia alikwenda Taveta, mwingine kaniambia alivuka mpaka. Mtu haachi kompyuta yake bure."

"Na asiporudi?"

"Nitaitunza." Aliirudisha kwenye rafu, akapangusa vumbi kwa kitambaa cha miwani yake.

Baba alikuwa ameifuata kwa macho kutoka kaunta hadi rafuni. "Breki," alisema. Ni mara ya pili kulisema neno hilo. Mama alikuwepo safari hii, amesimama kando yangu, na sote watatu tukautazama mkono.

Ulikuwa mapajani, pale mama alipouweka.

Tangu hapo mama hasemi tena kwamba hakuona. Tukiteremka Voi kwa ajili ya mazoezi, hukaa kiti cha nyuma upande wa kulia, akiwa amewasha kamera ya simu tangu getini, ameielekeza kwenye goti la baba, kona hadi kona. Amejaza simu yake kwa video za mkono uliolala. Tukifika mjini tunapitia kwa fundi kabla ya hospitali. Hatuulizi chochote. Yeye mwenyewe huitoa simu, hutugeuzia skrini juu ya kaunta.

Leo asubuhi tumepita. Tiki bado ni moja.